Mto Unaohesabiwa Kutoka Baharini: Jibu Kuhusu Danube

Swali: Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari mkoani Mwanza. Katika ramani ya mto Danube niliona miji imeandikiwa kilomita zake: Vienna 1929, Budapest 1647, Belgrade 1170, na sifuri ikawa kwenye Bahari Nyeusi. Kwa nini hesabu inaanzia mwisho wa mto badala ya chanzo chake? Pia wanafunzi waliniuliza kama mto huu unaopita nchi kumi umewaunganisha watu wake au umewatenga, nami sikuwa na jibu la kuwatosheleza.

Jibu: Ndugu mwalimu, ramani yako haina kosa. Kilomita za Danube huhesabiwa kutoka baharini kupanda juu, ilhali jirani yake, mto Rhine, huhesabiwa kutoka daraja la mji wa Konstanz kuteremka kuelekea baharini. Tofauti hiyo ina historia yake, na historia hiyo hiyo ndiyo inayobeba jibu la wanafunzi wako. Kwa muhtasari, naamini kwamba Danube umewaunganisha waliosafiri kuufuata na umewatenga waliotaka kuuvuka, na kwamba kila mara mambo yalipogeuka kinyume cha hapo, ilikuwa ni kwa kazi ya mikono ya binadamu, iwe ni daraja, bwawa, mkataba au vita. Nitaufuata mto kama unavyohesabiwa, kuanzia kwenye sifuri hadi mahali ambapo maji yake hupotea ardhini.

Kwanza vipimo vyenyewe. Danube una urefu wa takriban kilomita 2,850, na katika Ulaya unazidiwa na Volga peke yake. Unapita au kupakana na Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungaria, Kroatia, Serbia, Romania, Bulgaria, Moldova na Ukraine, na miji mikuu minne, yaani Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade, imejengwa kandoni mwake. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 800,000, eneo pungufu kidogo ya Tanzania nzima, na nchi 19 zina sehemu katika bonde hilo. Wajerumani huuita Donau, Waslovakia Dunaj, Wahungaria Duna, Waserbia na Wabulgaria Dunav, na Waromania Dunărea. Ni jina moja lililozungushwa katika ndimi nyingi.

Sasa twende kwenye sifuri. Sulina ni mji mdogo wa Romania ulio kwenye ncha ya delta, na hauna barabara ya kuuunganisha na bara. Anayetaka kufika huko hupanda meli au mashua. Kabla ya kufika baharini Danube hugawanyika mikono mitatu: Chilia upande wa kaskazini, Sulina katikati, na Sfântu Gheorghe upande wa kusini. Mkono wa Sulina hubeba maji machache kuliko mingine, lakini ndio uliochaguliwa kuwa njia ya meli kubwa. Katikati ya karne ya 19 ngano kutoka nyanda za Romania ya leo ilikuwa ikipakiwa katika bandari za Galați na Brăila kwenda kulisha miji ya Ulaya ya Magharibi, na kikwazo kikubwa kilikuwa mdomoni, ambako mchanga na tope vilijaa kiasi kwamba kina cha maji kilikuwa kama meta 3 tu. Meli zilikwama, shehena zikalazimika kuhamishiwa kwenye matishari, na dhoruba ilipopiga ilizikuta zikiwa zimetia nanga nje bila kinga.

Baada ya Vita vya Krimea, Mkataba wa Paris wa mwaka 1856 uliunda Tume ya Ulaya ya Danube, yenye wajumbe wa Austria, Ufaransa, Uingereza, Prussia, Urusi, Sardinia na Milki ya Osmani. Ilikusudiwa ifanye kazi kwa miaka miwili, isafishe mdomo wa mto, kisha ivunjwe. Ikaishi zaidi ya miaka 80. Ilikuwa na bendera yake, ilitoza ushuru wa meli, na ilitunga kanuni ambazo kila nahodha alipaswa kuzitii, bila kujali anatoka taifa gani. Mhandisi wake, Mwingereza Charles Hartley, alijenga kuta mbili ndefu za kuingia baharini ili mkondo ubanwe, upate nguvu na kuusukuma mchanga wenyewe, na kufikia mwaka 1861 kina kilikuwa kimezidi meta 5. Baadaye mkono wa Sulina ulinyooshwa kwa kukata mapinde yake, ukafupishwa kwa zaidi ya kilomita 20.

Hapo ndipo penye asili ya hesabu yako, mwalimu. Waliohitaji kuupima mto huu kwa ajili ya kazi walikuwa manahodha na wahandisi walioingia kutoka baharini, na kwa mtu wa namna hiyo mto huanzia pale anapouingilia. Ajabu ni kwamba hata sifuri hiyo haikubaki kandoni mwa bahari. Mto huleta mashapo kila mwaka na delta huzidi kujisogeza mbele, hivyo mnara wa taa wa Tume uliokuwa ukiongoza meli mdomoni sasa umesimama ndani ya mji, na bahari imebaki kwa mbali. Katika makaburi ya Sulina wamelala Waorthodoksi, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Wayahudi, mabaharia na watumishi wa Tume, katika mji ambao leo una watu elfu chache tu.

Mfano huu wa tume ya mataifa ulitufikia hata Afrika. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ulipojadili mto Kongo, uliitazama Danube, na mkataba wake wa jumla ukaagiza iundwe tume ya kimataifa ya kusimamia usafiri wa Kongo. Tume hiyo haikuundwa kamwe. Kwenye Danube hatimaye wenye mto walipewa kiti, kwani Romania iliingia katika Tume mwaka 1878. Kwenye Kongo wenye mto hawakuulizwa kabisa, na naona ni haki wanafunzi wako waisikie tofauti hiyo pindi wanaposoma habari za mito ya kimataifa. Leo Danube unaongozwa na mkataba uliotiwa saini Belgrade mwaka 1948, na tume yake imekaa Budapest tangu 1954.

Delta yenyewe ni bahari ya matete. Humo wanaishi Walipovani, Warusi wa madhehebu ya zamani ya Kiorthodoksi ambao wazee wao walikimbia nchi yao baada ya mageuzi ya kanisa ya karne ya 17, wakajificha kwenye maji ambako askari hawakuweza kuwafuata kwa urahisi. Humo pia huzaliana mwari na korongo weupe. Korongo wa nchi hizi za mashariki ya Ulaya huhamia Afrika wakati wa baridi, na baadhi yao ndio mnaowaona wakiokota panzi katika nyanda zetu kuanzia mwisho wa mwaka.

Ukipanda kutoka delta unafika mahali ambapo mto umekuwa mpaka hasa. Kwa takriban kilomita 470 Danube hutenganisha Romania na Bulgaria, na kwa urefu wote huo palikuwa na daraja moja tu, lile la Giurgiu na Ruse lililofunguliwa 1954, hadi la pili lilipofunguliwa kati ya Calafat na Vidin mwaka 2013. Yaani nchi mbili ambazo tayari zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya ziliishi zikitazamana ng'ambo ya maji na kuvushana kwa feri. Mazoea hayo ni ya kale sana. Dola la Kirumi lilipanga ngome zake kwenye ukingo wa kusini na kuuhesabu mto kuwa ukuta wake, na Mrumi wa kwanza kujenga daraja la kudumu katika sehemu hii ya chini ya mto, Kaizari Trajan, alifanya hivyo ili kuvusha jeshi la kuwashinda Wadacia, watu waliokaa ng'ambo ya kaskazini, katika Romania ya leo. Lilijengwa kati ya mwaka 103 na 105 na Apollodorus wa Damascus, likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja, na mabaki ya nguzo zake yangalipo kwenye kingo zote mbili karibu na Drobeta-Turnu Severin.

Karibu na hapo, kwenye kijiji cha Prahovo upande wa Serbia, mwaka 1944 Wajerumani waliokuwa wakikimbia jeshi la Kisovieti walizamisha kwa makusudi meli zao za kivita. Maji yanapopungua sana, kama katika ukame wa Agosti 2022, milingoti na mbavu za chuma hujitokeza juu ya mchanga, na baruti ikiwa bado imo matumboni mwa baadhi yake.

Kilomita 943 ni bwawa la Lango la Chuma. Hapa Danube hukata milima ya Karpati kwa magenge marefu ambayo zamani yalikuwa na miamba na mikondo ya kutisha. Romania na Yugoslavia zilianza kujenga bwawa hilo mwaka 1964 na kulikamilisha 1972. Manahodha wakapata maji yaliyotulia na miji ikapata umeme. Gharama yake haitajwi mara nyingi inavyostahili. Kwenye kina cha magenge hayo kulikuwa na kisiwa cha Ada Kaleh, chenye urefu usiofika kilomita mbili, ngome iliyojengwa na Waaustria, msikiti, na Waturuki waliolima mawaridi, wakauza tumbaku, kahawa na vitamu vya sukari kwa wasafiri wa meli. Mwaka 1878 mataifa makubwa yalipokutana Berlin kugawa nchi za Balkani yalikisahau, hivyo kikaendelea kuwa mali ya Sultani wa Osmani kwenye karatasi, katikati ya mto ambao pande zake zote zilikuwa zimekwisha kuondoka mikononi mwake. Kilikuja kutambuliwa kuwa cha Romania kwa Mkataba wa Lausanne wa 1923. Maji ya bwawa yalipopanda mwaka 1970 na 1971 kisiwa kilizama chote. Majengo yalibomolewa kwanza, na watu wakatawanyika, wengine Uturuki, wengine upande wa Constanța, bandari ya Romania kwenye Bahari Nyeusi. Zulia kubwa la msikiti wao, zawadi ya Sultani Abdulhamid wa Pili, limetandikwa sasa katika msikiti mkuu wa Constanța, na ndilo kipande cha Ada Kaleh ambacho mtu bado anaweza kukikanyaga.

Maji hayo hayo yalikuwa yaifunike Lepenski Vir, makazi ya wavuvi wa zaidi ya miaka 8,000 iliyopita yaliyofukuliwa na Dragoslav Srejović upande wa Serbia, yenye vichwa vya mawe vilivyochongwa sura ya mtu na mdomo wa samaki. Makazi hayo yaliinuliwa na kupelekwa juu zaidi ya mlima. Kwa samaki wenyewe hapakuwa na msaada wa namna hiyo. Beluga, samaki anayeweza kuzidi urefu wa meta 5 na ambaye mayai yake ndiyo kaviari, alikuwa akitoka Bahari Nyeusi kupanda kutaga hadi Hungaria na Austria. Bwawa la kwanza, na la pili lililofuata chini yake mwaka 1984, viliifunga njia hiyo. Kwake yeye Danube ulikuwa barabara moja tangu enzi zisizohesabika, na sisi binadamu tukaikata.

Belgrade nitapita upesi. Hapo mto Sava humiminika katika Danube, na juu ya makutano imesimama ngome ya Kalemegdan, jina litokanalo na Kituruki, kale, yaani ngome, na meydan, neno lile lile tulilolipokea sisi kupitia Kiarabu kama medani. Jina hilo linaeleza mengi, kwa sababu mto ndio uliokuwa njia ya majeshi ya Osmani: waliufuata hadi Mohács, kusini mwa Hungaria, mwaka 1526, wakauzingira Vienna 1529 na tena 1683, huku mashua zikiwabebea vyakula na mizinga. Karne ya 18 msafara ukageuka. Wakulima wa Kijerumani walipanda mashua bapa za mbao mjini Ulm na kuteremka na mkondo kwenda kulima ardhi iliyokuwa tupu ya Hungaria. Safari ilipokwisha mashua ilivunjwa na mbao zake kuuzwa, kwa kuwa hakukuwa na kurudi. Wengi wa vizazi vyao walifukuzwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Na mwaka 1999 ndege za NATO zilipoangusha madaraja matatu ya Novi Sad, vifusi viliziba mto wenyewe, na hadi 2005 mji ulivuka kwa daraja la kuelea.

Budapest inafaa tukae kidogo. Hadi katikati ya karne ya 19 Buda na Pest ilikuwa miji miwili iliyounganishwa na daraja la mashua zilizofungwa pamoja, ambalo liliondolewa kila barafu ilipoanza kuja. Mwezi Desemba 1820 mtukufu István Széchenyi alipokea habari ya kifo cha baba yake, akafika ukingoni na kukuta hakuna njia. Alingoja yapata wiki nzima kabla ya kuvuka. Baadaye akawa kiongozi wa waliosukuma lijengwe daraja la kudumu. Daraja la Minyororo, lililosanifiwa na William Tierney Clark na kusimamiwa kwenye ujenzi na Adam Clark, lilifunguliwa mwaka 1849, na sheria yake ilisema kila avukaye atalipa. Kwenye daraja la mashua watukufu walikuwa hawalipi kitu. Kwa mara ya kwanza mwenye cheo na mchukuzi wakatoa sarafu mahali pamoja, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko chuma chenyewe. Buda, Pest na Óbuda ziliungana kuwa mji mmoja mwaka 1873. Majeshi ya Kijerumani yalililipua daraja mwezi Januari 1945, nalo likafunguliwa upya mwaka 1949, miaka mia kamili baada ya mara ya kwanza.

Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Pest, kuna jozi 60 za viatu vya chuma vilivyokazwa kwenye jiwe la ukingo, vikiwa vimeelekea majini. Viatu vya wanaume vimepinda kisigino, vya wanawake vina vifungo vya mtindo wa miaka ile, na vipo vidogo vya watoto. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi ambao wanamgambo wa Msalaba wa Mishale, chama cha kifashisti cha Hungaria, waliwapanga hapo katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakawaamuru wavue viatu, kwa sababu viatu vilikuwa na bei, kisha wakawapiga risasi ili maji yawachukue. Wapitao huweka ndani ya viatu hivyo vijiwe, mishumaa na maua. Siwezi kukujibu swali la kuunganisha na kutenga nikakipita kipande hiki cha ukingo bila kukitaja.

Juu zaidi, Hungaria na Chekoslovakia zilikubaliana mwaka 1977 kujenga mabwawa ya Gabčíkovo na Nagymaros. Wahungaria waliandamana dhidi yake wakati ambapo maandamano yalikuwa hatari, serikali yao ikasimamisha kazi 1989, na Chekoslovakia ikageuza sehemu kubwa ya maji kwenye mfereji ulio upande wa Slovakia mwaka 1992. Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 1997 iliona kila upande una makosa na kuwataka wajadiliane. Vienna nayo iliuhamisha mto kwenye njia mpya kati ya 1870 na 1875 kwa kuhofia mafuriko, na karne iliyofuata ikachimba mkondo wa pili, ambao udongo wake ulifanya kisiwa cha kilomita 21 wanakoogelea watu wa mji. Ile waltz, yaani muziki wa dansi, ya Johann Strauss ya mwaka 1867 ilisema maji ni ya buluu. Kwa kawaida ni ya kijani au hudhurungi. Huko Kelheim, Ujerumani, mfereji wa kilomita 171 uliokamilika 1992 huiunganisha Danube na mto Main, na kupitia Main hadi Rhine, ili tishari liweze kutoka Bahari Nyeusi hadi Bahari ya Kaskazini.

Tumefika kwenye chanzo, na hapa utaona kwa nini kuhesabu kutoka juu kungeleta ugomvi. Mito miwili ya Msitu Mweusi, eneo la milima kusini-magharibi mwa Ujerumani, yaani Breg na Brigach, hukutana Donaueschingen, na mji huo una kisima cha mawe kilichopambwa kwa sanamu na kuitwa chanzo cha Danube. Watu wa mji wa Furtwangen hupinga, wakisema Breg ndio mrefu zaidi na chemchemi yake iko kwao, na kwa kipimo cha jiografia hoja yao ina nguvu. Hata Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mto huu, alioujua kwa jina la Istros, unaanzia kwa Wakelti karibu na mji wa Pyrene, akaufanya kipimo cha kukisia urefu wa Nile, ambayo chanzo chake hakukijua. Nyinyi mnaoishi kando ya ziwa lenyewe mnaweza kupima alivyokuwa mbali.

Tena kuna Immendingen, kilomita zisizozidi 30 kutoka makutano hayo. Hapo kitanda cha mto ni mawe ya chokaa yenye nyufa, na kwa siku nyingi za mwaka Danube yote huzama ardhini, mtu akaweza kutembea kwa miguu mikavu juu ya changarawe ya mto ambao mbele yake utabeba meli. Wenye viwanda vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji waligombana: wa chini ya Immendingen walitaka nyufa zizibwe, na wa Aach, ulio umbali wa kilomita 12 hivi, walitaka ziachwe, kwa kuwa waliamini chemchemi yao kubwa ni Danube iliyopotea. Mwaka 1877 mwanajiolojia Adolf Knop alimimina kwenye nyufa hizo rangi ya kijani inayong'aa, tani kadhaa za chumvi na mafuta ya mawe. Baada ya takriban saa 60 chemchemi ya Aach ilitoa maji ya kijani, yenye chumvi na harufu ya mafuta. Yalikuwa ni maji ambayo kwa haki ya ramani yangefika Sulina, na badala yake yalikuwa yakienda Ziwa Bodensee na kuingia Rhine, mbele kidogo ya lile daraja la Konstanz ambako mto huo huanza kuhesabiwa.